Nani Hulipa Baada ya Maradhi Kupita

Mwezi Juni 1349, tauni ikiwa bado inamaliza watu vijijini, Mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza alitoa amri kwamba vibarua, mafundi na watumishi wapokee ujira uleule waliokuwa wakipokea kabla ya ugonjwa kuingia. Mwaka 1351 Bunge liliigeuza amri hiyo kuwa sheria, ikiwa na adhabu kwa yeyote atakayedai zaidi. Ugonjwa ulikwisha kuua theluthi ya watu wa nchi ile, pengine hata nusu yao. Mashamba yalikosa wavunaji, na kila aliyebaki hai alijua kuwa kazi ya mikono yake sasa ni adimu. Katikati ya mazishi hayo yote, jambo ambalo dola iliona haliwezi kungoja lilikuwa kuwazuia maskini wasinufaike na uadimu wao. Naianza makala na amri hiyo kwa kuwa ndani yake limo swali ambalo wachambuzi wengi wa mdororo uliofuata UVIKO-19 wameliruka. Wameuliza ugonjwa uliuharibu uchumi kwa kiasi gani, na uchumi utainuka lini. Swali la nani alipe wameliacha mwishoni, kana kwamba ni la ukarimu tu. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba maradhi huamua wangapi wafe, lakini mgawanyo wa hasara huamuliwa na umiliki na madeni yaliyokuwapo kabla mgonjwa wa kwanza hajaanguka. Nadharia yoyote ya ubepari wa dunia inafaa kupimwa kwa kipimo hicho.

Maelezo yaliyozoeleka ni mepesi kuyafuata. Watu wakipungua, ardhi huwa nyingi kuliko mikono. Ujira hupanda, kodi ya ardhi hushuka, na maskini hupata ahueni. Kwa Uingereza jambo hilo lilikuja kutimia. Sheria ya 1351 ilitoza faini watu wengi, lakini makabaila wenyewe walikuwa wakinyang'anyana vibarua kwa siri, na mtwana aliyekimbia kijiji kimoja alipokewa kijiji cha pili. Kodi ya kichwa ilipoongezwa, maasi makubwa yalilipuka mwaka 1381, na ingawa yalizimwa kwa damu, katika karne iliyofuata utwana ulififia. Sasa tazama mashariki mwa Ulaya. Huko nako watu walikuwa wachache na ardhi tele, lakini katika karne zilizofuata wakulima wa ng'ambo ya mto Elbe walifungwa zaidi kwenye ardhi ya mabwana, na nafaka waliyoilima kwa kazi ya lazima ikauzwa Ulaya Magharibi kupitia bandari za Baltiki. Mwaka 1976 mwanahistoria Robert Brenner aliujenga mjadala mzima juu ya tofauti hiyo: kama idadi ya watu peke yake ndiyo inayoamua, sababu moja imewezaje kuzaa matokeo mawili yanayopingana? Jibu lake lilikuwa nguvu za matabaka. Mahali ambapo wakulima walikuwa na mshikamano na haki za kimila za kuegemea, uadimu wao uligeuka kuwa ujira. Mahali ambapo hawakuwa navyo, uadimu huohuo uligeuka kuwa minyororo.

Misri inaongeza ushahidi wa tatu, na kwa maoni yangu ndio wenye uzito kuliko wote wa enzi ile. Chini ya utawala wa Wamamluki, mapato ya ardhi yaligawiwa kwa askari waliokaa Kairo, na mgao wa mtu ungeweza kuhamishiwa kwa mwingine wakati wowote. Mwanahistoria Stuart Borsch, aliyezilinganisha Misri na Uingereza katika kitabu alichokichapisha mwaka 2005, ameonyesha kwamba watawala hao waliwakamua wakulima waliosalia ili mapato yasishuke. Wakulima wakakimbia, na mifereji na matuta ya kuyaongoza maji ya Nile, yanayodai kazi ya watu wengi kila mwaka, yakabomoka. Nchi iliyokuwa ghala la nafaka ikadhoofika kwa vizazi kadhaa. Ibn Khaldun, aliyewapoteza wazazi wake kwa tauni hiyo mjini Tunis na baadaye akawa kadhi Kairo, aliandika kwamba ustaarabu wenyewe ulitikiswa. Alikuwa sahihi, ila mtikisiko haukuwa mmoja kila mahali.

Tauni ya karne ya 14 ilisafiri kwa njia za biashara, lakini hasara yake kwa sehemu kubwa ilibaki pale ilipotokea. Mfumo wa kibepari uliokuja baadaye ulileta uwezo mpya: hasara ya mahali pamoja iliweza kupelekwa ng'ambo kwa njia ya bei, mkopo na thamani ya fedha. Marx alieleza jinsi uzalishaji kwa ajili ya faida unavyojizalia migogoro yake wenyewe. Rosa Luxemburg, katika kitabu chake cha 1913, alidai kwamba mtaji hauwezi kujilimbikiza bila kuzila jamii zilizo nje yake. Lenin naye akasisitiza usafirishaji wa mtaji na utawala wa mabenki. Wote hao hawakuandika nadharia ya magonjwa. Lakini fikra zao zilipata makao mapya katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Giovanni Arrighi alifundisha kati ya 1966 na 1969, ambako Walter Rodney alifundisha na kuandika kitabu chake maarufu cha 1972 kuhusu Ulaya kuidumaza Afrika, na ambako Issa Shivji aliyaelekeza maswali hayo kwenye matabaka ya Tanzania yenyewe. Shule hiyo ya fikra ni urithi wetu, tena urithi ambao hatuuthamini ipasavyo. Ndiyo iliyotuzoesha kusoma bei ya karafuu au mkonge kama habari za utawala.

Chukua Zanzibar. Mwishoni mwa 1869 kipindupindu kilifika Unguja kutoka bara, kwa njia za misafara zilizoteremkia Pangani, na kikaendelea kuua hadi mwaka uliofuata. Daktari James Christie, aliyekuwa mjini wakati huo, alikifuatilia na kuchapisha kitabu mwaka 1876 akionyesha namna maradhi yalivyoandamana na biashara hatua kwa hatua. Oktoba 1870 Sultani Majid alifariki, Barghash akarithi kiti pamoja na madeni. Aprili 1872 kimbunga kikaing'oa mikarafuu ya Unguja. Mwaka 1873 Uingereza ikamlazimisha Barghash kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Anayehesabu misiba hiyo kwa mfululizo ataona nchi iliyoandamwa na bahati mbaya. Lakini Abdul Sheriff, katika utafiti wake wa 1987 juu ya watumwa, viungo na pembe za ndovu, ameonyesha kwamba uchumi wa karafuu ulikuwa umepasuka tangu miaka ya 1840, mashamba yalipozidi na bei ikaanguka. Wenye mashamba waliishi kwa mikopo ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, wakiweka rehani mashamba yao. Na wafanyabiashara hao nao walikuwa kiungo cha mitaji iliyoshikamana na Bombay na soko la London. Kwa hiyo kipindupindu na kimbunga viliangukia tabaka ambalo lilikuwa na deni tayari. Waliobeba uzito wa kwanza walikuwa watumwa waliokufa kwa wingi bila daftari la kuwaandika majina, kisha wale waliotwishwa kazi ya kupanda mikarafuu upya. Deni lenyewe halikuzikwa na wafu: mwaka 1934, zaidi ya miaka 60 baadaye, serikali ya kikoloni ilikuwa bado inatunga sheria za kuzuia mashamba yasihamie mikononi mwa wadai.

Ugonjwa wa sotoka wa miaka ya 1890 unastahili kutajwa hata kama wake ulikuwa msiba wa mifugo. Uliingia kupitia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na mara ulipofika kwetu uliangamiza sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe wa wafugaji. Ndui na njaa vikafuata. Wakoloni walikuta malisho yaliyoachwa wazi kwa vifo, wakayaita ardhi isiyo na mwenyewe, na kwa mkataba wa 1904 Wamaasai wakaondolewa katika Bonde la Ufa ili walowezi wapate nafasi.

Mfano unaonishawishi zaidi, hata hivyo, ni Kenya ya 1918 hadi 1922, kwa sababu unafanana na Uingereza ya 1349 katika kila kipengele isipokuwa matokeo. Homa ya mafua iliingia Mombasa mwezi Septemba 1918, ikapanda kwa reli hadi bara, ikawakuta watu waliokwisha kunyonywa damu na vita. Waingereza walikuwa wameswaga wanaume wapatao milioni moja wa Afrika Mashariki na nchi jirani kuwa wapagazi wa jeshi, na makumi ya maelfu kati yao walikufa, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mvua nazo zikakosekana. Kule Ugogo, upande wa Tanganyika, majeshi ya pande zote mbili yalipora nafaka na mifugo, na njaa iliyoitwa Mtunya ikaua watu wengi. Basi mwaka 1919 wafanyakazi walikuwa wachache kuliko wakati wowote ambao walowezi wangeweza kuukumbuka. Serikali, katika mwaka huohuo, ilikuwa ikigawa ardhi zaidi kwa wanajeshi wa Kizungu waliotoka vitani. Kwa hesabu ya wanaoamini kwamba idadi ya watu ndiyo huamua, ujira wa Mwafrika ulipaswa kupanda.

Ulishuka. Oktoba 1919 serikali ya Gavana Northey ilitoa waraka uliowaagiza maofisa na machifu wawahimize vijana kwenda kwenye mashamba ya walowezi, na kila mtu aliyeishi chini ya chifu alifahamu maana ya kuhimizwa. Kipande, kilichokuwa kimepitishwa kisheria tangu 1915, kikaanza kutumika: mwanamume alivaa shingoni kumbukumbu ya mwajiri na ujira wake, na kuacha kazi bila ruhusa likawa kosa la jinai. Kodi ya kibanda na ya kichwa ikapandishwa hadi rupia 8 mwaka 1920. Hapo ndipo soko la dunia lilipoingia. Bei za kahawa, mkonge na kitani zilianguka mwaka 1920, na wakati huohuo serikali ya London ikaipandisha thamani ya rupia dhidi ya pauni, kutoka shilingi moja na peni nne hadi shilingi mbili. Mlowezi aliyekopa benki kwa rupia akajikuta anadaiwa zaidi kwa kipimo cha pauni alizopata kwa mazao yake, benki ikafurahi. Njia iliyobaki kwake ilikuwa kuusukuma mzigo chini. Mwaka 1921 walowezi walikubaliana kupunguza ujira wa Waafrika kwa theluthi moja. Kwa hiyo hasara iliyoanzia katika masoko ya Ulaya na ofisi za London ilishuka ngazi kwa ngazi hadi ikafika kwa kibarua wa Kiambu, mtu ambaye ndugu zake walikuwa wamekufa kwa mafua au katika jeshi la wapagazi, na ambaye uadimu wake haukumpa chochote.

Ni kweli kulikuwa na upinzani ndani ya utawala wenyewe. Maaskofu waliukosoa waraka wa Northey, ingawa kwa woga, na London ikaurekebisha mwaka 1921. Lakini kilichobadili hesabu kilitoka chini. Harry Thuku, karani wa simu mjini Nairobi, aliunganisha malalamiko ya kipande, kodi na ujira katika chama kimoja, akazungumza na Wakikuyu, Wakamba, Wajaluo na Waganda bila kuwabagua, na akashirikiana na Wahindi wa mjini. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika kudai aachiwe, wanawake wakiwa mbele, ulipigwa risasi. Hesabu rasmi ilitaja waliokufa 21, na simulizi za Kikuyu hutaja wengi zaidi, miongoni mwao Mary Muthoni Nyanjiru. Mwaka huohuo kodi ikashushwa kutoka shilingi 16, yaani zile rupia 8, hadi shilingi 12. Kipande kilibaki. Hiyo ndiyo bei ya kupunguziwa shilingi 4 za kodi.

Tukifika 2020 tunakuta mfumo uleule ukiwa na mikono mirefu zaidi. Kabla Shirika la Afya Duniani halijatamka neno janga tarehe 11 Machi, uchumi wa dunia wa 2019 ulikuwa umekua kwa kasi ndogo kuliko mwaka wowote tangu mgogoro wa mabenki wa 2008 na 2009, na Septemba 2019 Benki Kuu ya Marekani ililazimika kumwaga fedha katika soko la mikopo ya usiku mmoja lililokuwa limekauka ghafla. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa zimeuza hatifungani za dola katika miaka ya riba ndogo. Zambia peke yake iliuza za dola bilioni 3 katika awamu tatu, 2012, 2014 na 2015. Ugonjwa ulipotangazwa, wawekezaji waliondoa zaidi ya dola bilioni 80 katika nchi zinazoendelea ndani ya wiki chache, kabla hata wagonjwa hawajaongezeka katika nchi hizo. Wanunuzi wa nguo wa Ulaya na Marekani walifuta oda za takribani dola bilioni 3 nchini Bangladesh, nyingine zikiwa zimekwisha kushonwa. Mshonaji wa Dhaka alipoteza mshahara kwa sababu maduka ya mji asioujua yamefungwa.

Pingamizi la kwanza ni kwamba anguko la 2020 lilitokana na watu kujifungia, na ndiyo maana 2021 uchumi ulirudi haraka. Kwa hiyo hakuna haja ya nadharia kubwa. Nusu ya pingamizi hili ina ukweli: kasi ya kurudi ilikuwa kubwa. Lakini ulirudi kwa nani? Marekani iliweza kukopa kwa fedha inayoichapisha yenyewe, na Benki Kuu yake ikaongeza mali zake zaidi ya maradufu, hadi karibu dola trilioni 9. Mwezi Agosti 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liligawa akiba mpya yenye thamani ya dola bilioni 650 kwa kufuata hisa za kila nchi ndani ya shirika. Afrika nzima ikapata bilioni 33 hivi. Kisha mfumuko wa bei ulipoisumbua Marekani, benki hiyohiyo ikapandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5 katika muda wa miezi 16, na dola zikarejea kwao. Shilingi ya Kenya ikaporomoka, madeni ya dola yakapanda bila mtu kukopa senti. Wakenya wa 1921 wangeutambua mtindo huu mara moja: thamani ya fedha imebadilishwa mbali, deni limekua hapa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na husemwa kwa uchungu na Waafrika wenyewe. Viongozi wetu ndio waliokopa, wengine wakaiba, na kulaumu ubepari wa dunia ni kuwapa maficho. Sipuuzi hoja hiyo. Mikopo ya siri ya Msumbiji, zaidi ya dola bilioni 2, iliyoibuliwa mwaka 2016, ilikuwa uhalifu wa viongozi. Lakini ilikuwa pia biashara ya mabenki ya Ulaya yaliyojipatia ada. Mkopo una pande mbili za meza, na sheria iliyopo humbana mmoja. Zambia ilipokosa malipo ya riba ya dola milioni 42.5 Novemba 2020, wenye hatifungani walikuwa wamekwisha kukataa ombi la kusubiri. Kundi la G20 lilisimamisha kwa muda malipo ya madeni kati ya serikali na serikali, kuanzia Mei 2020 hadi mwisho wa 2021, na wakopeshaji binafsi wakaombwa nao washiriki kwa hiari. Hiari hiyo karibu hakuna aliyeitumia. Zambia ilisubiri hadi 2024 ndipo ikakubaliana na wenye hatifungani. Tunasema dawa ya deni ni kulipa, na ni msemo wa haki kati ya majirani. Lakini jirani hukusubiri unapofikwa na msiba; soko la London na New York halina sharti hilo katika mikataba yake.

Kuna jambo ambalo wanafunzi wa Rodney, tena wanaomheshimu, wanapaswa kukubali kulirekebisha. Nadharia inayoiona Afrika kama mahali pamoja panapotendwa tu haiwezi kueleza tofauti kati yetu wenyewe. Tanzania iliingia katika janga ikiwa na madeni ambayo sehemu kubwa ni ya masharti nafuu kutoka taasisi kama Benki ya Dunia. Kenya ilikuwa imejifunga zaidi na soko la biashara. Mwaka 2021 Tanzania ilipokea kutoka IMF dola milioni 567 na kuzipeleka kwa sehemu kubwa kwenye madarasa, maji na vituo vya afya. Kenya, ili iweze kulipa hatifungani ya dola bilioni 2 ya mwaka 2014, iliuza nyingine ya bilioni 1.5 Februari 2024 kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10. Miezi mitatu baadaye serikali ikaleta Muswada wa Fedha wa kuongeza kodi, vijana wakajaa barabarani, tarehe 25 Juni wakaingia Bungeni, watu wakauawa, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Tofauti hizo zilitokana na maamuzi ya hapa, yaliyofanywa kabla ya ugonjwa. Mfumo wa dunia huweka uwanja na kanuni. Namna nchi ilivyojipanga ndani yake, na nani ana sauti ndani ya nchi, huamua pigo litue wapi. Hiyo ni nadharia ngumu zaidi kuitumia kuliko ile ya mabwana na wahanga, lakini ndiyo inayoziweka Misri na Uingereza, Nairobi ya 1922 na Nairobi ya 2024, katika sentensi moja bila kulazimisha.

Ikiwa hayo ni kweli, kazi ya kujiandaa kwa janga lijalo haiko hospitalini peke yake. Wanahistoria wetu wafungue madaftari ya rehani yaliyoko katika nyaraka za Zanzibar na hesabu za mishahara za makoloni, watuonyeshe hasara za zamani zilivyogawanywa na majina ya waliozikwepa. Wabunge nao wadai kila mkopo mpya wa nje uwe na kifungu kinachosimamisha malipo panapotangazwa janga, bila kungoja hiari ya mkopeshaji. Na mikataba hiyo ichapishwe kwa Kiswahili kabla ya kutiwa saini, ili watakaoilipa waisome.